Mpenzi wa Kweli wa Mpira ni Nani?

Mwezi huu twataka kunena habari ya jambo ambalo wengine wataliona kuwa dogo, nalo limetusumbua sana.

Jioni moja, baada ya mazoezi ya kwaya, vijana wawili walisimama nje ya mlango wakigombana. Hawakugombania shamba wala mali, bali mpira. Mmoja alikuwa amevaa jezi mpya ya Yanga. Mwenzake, aliye mtu wa Yanga vilevile, alimwambia, “Wewe si mwenzetu. Mwaka 2019 ulikuwa ukivaa nyekundu.” Yule akakana, sauti zikapanda, na tangu siku ile wamekaa katika benchi moja la kwaya pasipo kusalimiana. Tulipojaribu kuwapatanisha, kila mmoja kwa zamu yake alituuliza swali lile lile: Je, mpenzi wa kweli wa timu ni nani? Tukaona haya, maana hatukuwa na jibu. Basi tumelifikiri, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Labda mtu atasema, “Mchezo ni mchezo, watu wazima wana mambo makubwa zaidi ya kufikiri.” Ni kweli kwamba mchezo ni mchezo. Lakini uaminifu hauna namna mbili, mmoja wa mambo makubwa na mwingine wa mambo madogo. Mtu aliyezoea kuwaacha wenzake katika jambo dogo, siku ya jambo kubwa miguu yake itaikumbuka njia ile. Tena vijana wetu hutumia saa nyingi za juma katika mpira, nasi hatuna budi kuuliza mioyo yao yajifunza nini huko.

Kwanza na tuviweke kando vipimo visivyofaa. Wako wanaosema kwamba mpenzi wa kweli ni yule ajuaye mengi: majina ya wachezaji wote, mabao yote, na bei ya kila mtu aliyenunuliwa. Lakini mchuuzi wa sokoni naye ajua bei ya kila kitu, wala hatusemi kwamba avipenda vyote. Wengine husema ni yule apigaye kelele kuliko wote. Wazee walikwisha kujibu: debe tupu haliachi kuvuma. Wengine hutazama jezi. Jezi hununuliwa dukani kwa dakika moja, na mwenye fedha aweza kununua mbili za rangi mbili. Wengine huhesabu miaka. Miaka ina uzito wake, twakiri; lakini aliyeanza jana hakukosa neno kwa kuanza jana, maana hata mzee wa timu alikuwa na siku yake ya kwanza.

Kipimo kinachofaa, twadhani, ni kile ambacho wazee wetu walikitumia kwa marafiki: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Tazameni timu zetu mbili kubwa za Dar es Salaam. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na Simba mwaka 1936, ijapokuwa jina hili la Simba lilikuja mwaka 1971. Kabla ya hapo iliitwa Sunderland. Tangu mwaka 2018 mpaka 2021 Simba ilitwaa ubingwa wa nchi mara 4 mfululizo. Kisha gurudumu likageuka, na tangu mwaka 2022 mpaka 2025 Yanga nayo ikautwaa mara 4 mfululizo. Basi katika miaka minane hiyo kila upande ulipewa miaka minne ya kucheka na miaka minne ya kunyamaza. Twaweza kusema kwamba watu wa pande zote mbili walitiwa katika mizani moja.

Katika miaka yake ya ukame Yanga ilipungukiwa hata fedha, ikawa hodari wa mali aliyeitegemeza ameondoka, na wapenzi wakaombwa kuichangia. Watu wa mapato madogo walituma shilingi zao kwa simu, wala hawakuahidiwa kikombe. Mtu atoaye wakati wa ushindi hununua furaha, na furaha hupewa papo hapo. Atoaye wakati wa kushindwa hanunui kitu. Hapo ndipo tunapouona upendo ukiwa peke yake, pasipo biashara.

Kwa hiyo tumwambie nini kijana yule wa jezi mpya? Tungemwambia kwamba hakufanya dhambi kuingia wakati wa furaha. Watu wengi huingia kwa mlango wa ushindi. Ngoma ikilia vizuri wapita njia husimama. Kosa lake ni kukana kwamba aliingia juzi. Na yule wa kwanza tungemwambia kwamba yeye naye amekosa, kwa kuwa amemhukumu mwenziwe mlangoni. Neno la kutazama ni kama mtu atatoka mvua ikinyesha. Siku aliyoingia ina uzito mdogo. Na mvua ya kijana huyu bado haijanyesha.

Hata hivyo kuvumilia kushindwa hakumalizi swali. Liko swali gumu zaidi: mpenzi huwa mwaminifu kwa kitu gani hasa? Wachezaji huuzwa na kununuliwa. Mwalimu wa timu hufukuzwa. Mwenye klabu huiuza kwa mwingine. Jezi hubadilishwa kila mwaka. Basi vyote vikiondoka, kilichobaki ni nini? Swali hili si la wenye elimu tu. Liliwapata watu hasa, nao walilijibu kwa matendo. Na tusimulie habari yao.

Katika kusini ya London uko mtaa uitwao Wimbledon. Klabu yake ya mpira ilianzishwa mwaka 1889, ikakaa miaka mingi katika mashindano ya wachezaji wasiolipwa. Mwaka 1977 ilikubaliwa kuingia ligi kuu ya klabu za kulipwa, katika daraja la chini kabisa. Mwaka 1986 ilifika daraja la juu. Na tarehe 14 Mei 1988 iliishinda Liverpool 1–0 katika fainali ya Kombe la FA. Siku ile kipa Dave Beasant alidaka penalti ya John Aldridge, jambo ambalo kabla ya siku ile halikuwa limepata kuonekana katika fainali ya kombe lile kwenye uwanja wa Wembley. Lakini mwaka 1991 klabu iliuacha uwanja wake wa Plough Lane, ikawa mpangaji katika uwanja wa wengine. Wenye mali wakaona kwamba hapana faida. Wakaomba ruhusa ya kuihamisha timu mpaka mji mpya wa Milton Keynes, mwendo wa kilomita 90 hivi. Tarehe 28 Mei 2002 watu 3 waliowekwa kuamua shauri hilo walitoa hukumu, wawili kwa mmoja: timu iruhusiwe kuhama.

Fikirini, ndugu, mahali pa mpenzi wa timu ile. Kama upendo wake ni kwa wachezaji, sharti awafuate Milton Keynes. Kama ni kwa nafasi ya timu katika ligi, nafasi ile nayo yahama. Kwa sheria na karatasi, klabu ni ile iliyohama. Lakini wengi sana hawakufuata. Walikutana, wakachanga, wakaanzisha klabu yao, AFC Wimbledon, pasipo mchezaji hata mmoja. Mwezi wa Juni walitangaza kwamba anayetaka kucheza aje ajaribiwe katika uwanda wa wazi wa Wimbledon Common, wakaja watu wapatao 230. Mwezi wa Julai walicheza mchezo wao wa kwanza na Sutton United, wakafungwa 4–0. Watazamaji walikuwa zaidi ya 4,000, nao waliimba mpaka mwisho kana kwamba wameshinda. Nasi twadhani walikuwa wameshinda.

Walianza katika daraja la 9, mahali ambapo mchezaji mchana hufanya kazi yake ya kawaida na jioni hucheza. Katika misimu 9 walipanda mara 5, na mwezi wa Mei 2011 wakaishinda Luton Town kwa penalti, wakaingia katika ligi ile ile waliyonyang'anywa nafasi yake. Kisha wakaanza kujenga uwanja katika barabara ile ile ya Plough Lane, karibu sana na mahali pa ule wa kale. Fedha zilipopungua, wapenzi waliikopesha klabu akiba zao. Mchezo wa kwanza katika uwanja huo ulichezwa tarehe 3 Novemba 2020, nao wapenzi hawakuwamo, kwa sababu ya ugonjwa wa korona watu hawakuruhusiwa kuingia viwanjani. Wakangoja tena. Watu waliongoja miaka 29 kurudi nyumbani walitazama mlango wao ukifunguliwa, wakakaa nje.

Twajifunza nini hapa? Twaona kwamba kitu wanachokipenda wapenzi wa kweli hakikuwamo katika karatasi za mwenye mali. Kilikuwa katika ushirika wao: watu waliosimama bega kwa bega, mahali walipozaliwa, na kumbukumbu walizopewa na baba zao. Vitu hivyo havinunuliki, kwa sababu hakuna mtu mmoja mwenye kuvishika mkononi. Hata waliokwenda Milton Keynes walikuja kulitambua hilo kwa sehemu: mwaka 2007 vikombe na kumbukumbu za zamani vilirudishwa kwa watu wa mitaa ya Wimbledon.

Lakini tusikimbilie kuwahukumu watu wa Milton Keynes. Mtoto aliyezaliwa huko baada ya mambo yale, akapelekwa uwanjani na mama yake, akaipenda timu ya mji wake, huyo hakuiba kitu. Hakuwamo katika baraza. Upendo wake ni safi kama wa mtoto wa Wimbledon. Dhuluma yaweza kuwako katika mwanzo wa jambo, na wasio na hatia wakaja kupenda ndani yake. Mtu mwenye haki huweza kusema maneno yote mawili kwa pamoja: kwamba tendo lile lilikuwa baya, na kwamba mtoto yule ni mpenzi wa kweli.

Uko mfano mwingine katika nchi ya Ujerumani, kwa watu wa klabu ya Union katika mji wa Berlin, upande wa mashariki. Mwaka 2004 klabu ilikuwa karibu na kufa kwa kukosa fedha, na wapenzi wakaenda kutoa damu yao hospitalini, na malipo ya damu wakayapeleka katika klabu. Mwaka 2008 uwanja wao ulikuwa umechakaa, na mji haukuwa na fedha; basi watu zaidi ya 2,000 walikuja kwa zamu kufanya kazi pasipo mshahara, fundi na asiye fundi, wakamwaga zege na kupiga rangi. Na mwaka 2019, timu ilipofika daraja la juu la Ujerumani iliyoungana kwa mara ya kwanza, wapenzi walikuja siku ya mchezo wa kwanza wameshika picha kubwa za wenzao waliokufa kabla ya kuiona siku ile. Picha zilikuwa zaidi ya 400. Timu ilifungwa 4–0. Lakini hakuna awezaye kusema kwamba marehemu wale waliletwa bure.

Sasa msomaji wetu wa Moshi au wa Bukoba atauliza, “Na mimi je? Naipenda timu ya Uingereza ambayo sijapata kuuona uwanja wake, nami huitazama Jumamosi katika kibanda umiza kwa shilingi chache. Siwezi kumwaga zege. Je, mimi ni mpenzi wa uongo?” Wengine watamjibu upesi kwa mithali, mkataa kwao ni mtumwa. Sisi hatutamjibu hivyo. Mtu huweza kupenda kitu kilicho mbali kwa moyo wa kweli. Wala umbali si kosa. Lakini na ajue hatari yake. Aliye karibu hudaiwa: husimama juani, huchanga, hugombana na viongozi, humpeleka jirani mgonjwa nyumbani baada ya mchezo. Aliye mbali hadaiwi neno. Aweza kuhama kwa kugeuza kitasa, wala hakuna atakayeuliza alikokwenda. Kwa hiyo uaminifu wake hauna shahidi isipokuwa yeye mwenyewe, nao sharti uwe na nguvu zaidi. Na kama uwanja wa wilaya yake una timu ya vijana wasio na mpira wa kuchezea, naye hajapata kusimama kuwatazama hata saa moja, basi na ajiulize kama aupenda mpira, au apenda tu kuwa upande wa wenye nguvu.

Jambo la pili katika kumtambua mpenzi wa kweli ni namna amtendeavyo mpinzani. Hapa watu wetu wana neno bora kuliko mataifa mengi. Simba na Yanga hatuwaiti adui. Twawaita watani wa jadi. Nanyi mwajua utani ni nini. Mtani hukucheka mbele ya watu, hukunyang'anya kuku wako, hukuita kwa majina yasiyoandikika. Nawe hukasiriki, maana siku ya msiba ndiye ajaye kushika kazi, na mizaha yake huwafuta wafiwa machozi. Utani una mipaka, na mipaka hiyo ni agano. Mtani hakupigi, hachomi nyumba yako, wala hakatai kukuzika. Basi anayemrushia chupa mtu wa upande wa pili hajauzidi ushabiki, ameutoka. Hata kwa akili tu jambo hili ni wazi: pasipo mpinzani hapana mchezo. Timu iliyo peke yake uwanjani yapiga mpira katika goli tupu, wala hakuna atakayelipa kiingilio kuitazama. Kwa hiyo mpenzi wa kweli ana deni kwa mpinzani wake, nalo ni heshima.

Jambo la tatu ni nyumba yake. Hapa twanena kwa uchungu, maana tumeona mengi. Siku hizi kijana huandika mkeka wa kamari kwa simu, na fedha za sare na madaftari ya mtoto zikaenda katika mabao ya watu asiowajua. Kisha husema, “Mimi naupenda mpira.” Hapana, ndugu. Mcheza kamari hutaka timu ishinde kwa sababu ya fedha zake. Na juma lijalo, akiona faida, ataweka fedha juu ya kushindwa kwake. Je, huo ni upendo? Mwingine hupoteza mchezo uwanjani, akarudi na kuwanunia mkewe na watoto siku tatu, kana kwamba wao ndio waliokosa penalti. Huzuni ya mpenzi wa kweli ni huzuni halali, lakini yajua kimo chake. Humfanya anyamaze kidogo wakati wa chakula; haimfanyi avunje sahani. Kitu kizuri kilichowekwa mahali pasipo pake huharibika, nacho huharibu na vingine. Mpira ni mgeni mwema barazani. Ukiupa kiti cha mwenye nyumba, watoto watalala njaa.

Basi, kwa kifupi, jibu letu ni hili. Mpenzi wa kweli ni yule aliyekubali kuhuzunishwa na kitu kisichomdai wala kumlipa, akakaa nacho pamoja na wenzake wakati wa giza. Awezaye kumcheka mpinzani pasipo kumchukia. Naye airudiapo nyumba yake, watu wa nyumba hufurahi kumwona, timu iwe imeshinda au imeshindwa. Jezi, majina, kelele na miaka ni mapambo. Huenda yakawapo, huenda yasiwepo.

Tuliwaita vijana wetu wawili tukawaambia mambo haya. Yule wa jezi mpya alitazama chini, kisha akasema polepole kwamba ni kweli, zamani alivaa nyekundu, kwa sababu ndugu yake mkubwa alivaa nyekundu, na ndugu yule sasa yuko mbali wala haandiki. Hatukuwa tumelijua neno hilo. Wala mwenziwe hakuwa amelijua. Alikaa kimya kitambo, kisha akamwuliza ndugu yule anaitwa nani.

Ninyi nyote mnaomtilia shaka mwenzenu aliyeingia juzi, msimwulize aliingia lini. Ngojeni siku timu itakapofungwa, maana siku hiyo haikosi kuja. Siku hiyo mwiteni, mkampe nafasi katika benchi, mkae naye. Akija, mmempata ndugu. Asipokuja, hamkupoteza neno. Na nafasi ile mwaweza kumpa mwingine.